Laptopu yangu iliyokuwa ikisema uongo kuhusu chaji

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wengine wenu mmeniuliza kama nimehama. Sijahama. Bado nipo Mwakirunge, kule kule mwisho wa Kisauni, ambako ukimwambia mtu wa mjini unakoishi anakuuliza, "Kule kwa jaa la taka?" Ndiyo, kule kule. Nilikuwa nimeshughulika na kitu kimoja tu: betri. Na kabla hujasema "nunua nyingine mambo yaishe", nisikilize kwanza, maana kisa hiki kilinitia aibu mbele ya kina mama 23, akiwemo shangazi yangu mwenyewe.

Haya, tuanze mwanzo.

Laptopu yangu niliinunua ikiwa imetumika, zile tunazoziita eks-Yuki. Wengi wetu tuliosomea kompyuta chuoni tulianzia hapo, kwa sababu mashine mpya ni mishahara ya miezi mingi. Muuzaji aliniwashia, akanionyesha alama ya betri pembeni, asilimia 100, akasema, "Hii inakaa na chaji, kaka." Nikalipa, nikapanda matatu, nikarudi nyumbani. Kwa karibu mwaka mzima sikuwa na shida nayo, kwa sababu moja tu ambayo sikuitilia maanani: ilikuwa haichomoki kwenye chaja. Mimi huandika programu nikiwa nyumbani, meza iko ukutani karibu na soketi, na stima ikipotea mara nyingi hurudi kabla sijamaliza kikombe cha chai.

Sasa, shangazi yangu ni mweka hazina wa chama cha kina mama hapa mtaani. Wako 23, kila mmoja anatoa shilingi 200 kwa wiki, yaani 4,600 kila Jumapili. Wanaweka akiba ya kununua hema na viti vya kukodisha kwa harusi na matanga. Pesa zinakaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Hesabu ilikuwa kwenye daftari la kurasa 200, lile la jalada gumu, kwa mwandiko wa shangazi.

Mimi na shahada yangu nikaliona lile daftari nikasema hapana, hatuwezi kuishi hivi. Nikawaandikia programu ndogo. Unaingiza jina na kiasi, inakupa jumla, nani amelipa, nani hajalipa, na mchoro wa akiba inavyopanda. Kina mama waliufurahia ule mchoro sana. Na mimi kwa furaha yangu nikamwambia shangazi, "Sasa hilo daftari liweke kabatini, halina kazi tena." Akaniangalia, akasema, "Sawa mwanangu, wewe ndiye uliyesoma." Akaliweka.

Kumbukeni hilo neno.

Siku yenyewe

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa pili, jua la pwani mnalijua. Mkutano ulikuwa chini ya mwembe, mbali na soketi yoyote. Nilipochomoa laptopu nyumbani ilikuwa asilimia 100. Nilipofika, nikafungua, nikasalimiana na watu, tukangojana kama kawaida yetu, na tulipoanza kazi hasa alama ilisema asilimia 60. Pembeni pameandikwa: zimebaki saa 2 na dakika 14. Mkutano ni wa saa moja. Nikatulia.

Kwa sababu ya jua nilikuwa nimepandisha mwanga wa kioo hadi mwisho. Simu ilikuwa imechomekwa kwenye laptopu ikinipa intaneti na yenyewe ikijichaji humo humo. Nikaingiza malipo ya mama wa kwanza, wa pili, hadi wa mwisho. Ikawa asilimia 38. Nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi, ambacho katika programu yangu kinafanya kazi mbili: kinaandika faili upya na kukokotoa michoro yote upya. Nikasikia feni inaanza kuzunguka kwa kasi.

Halafu kioo kikawa cheusi.

Hakukuwa na onyo wala ujumbe wa "chomeka chaja". Kilizimika kama taa ya kibatari iliyopulizwa. Nikabonyeza kuwasha, kitaa kikawaka sekunde moja, kikazima. Mama mmoja akauliza, "Stima imepotea?" Shangazi akamjibu, "Stima gani, na sisi tuko chini ya mti?"

Nilipofika nyumbani na kuchomeka chaja, laptopu iliwaka ikiwa salama. Faili la chama lilikuwepo, lakini lilikuwa na ukubwa wa baiti 0. Lilikuwa tupu.

Kosa la pili lilikuwa langu

Wale mnaoandika programu mmeshajua kilichotokea. Programu yangu ilikuwa inafungua faili kwa njia ya kuandika upya, jambo ambalo hufuta kila kitu kilichomo mara moja, halafu ndiyo inakokotoa, halafu ndiyo inaandika. Kati ya kufuta na kuandika kuna nafasi ndogo. Umeme ukikatika ndani ya nafasi hiyo, unabaki na faili tupu. Kwenye mashine yenye chaja hiyo nafasi hukuona kamwe, kwa hiyo unaamini haipo.

Dawa yake inajulikana miaka mingi: andika kwenye faili jipya lenye jina la muda, hakikisha limefika kwenye diski, kisha libadilishe jina lichukue nafasi ya lile la zamani. Kubadilisha jina ni tendo linalofanyika lote au lisifanyike kabisa, kwa hiyo wakati wowote utakuwa na nakala moja nzima, ya zamani au mpya. Au tumia hifadhidata kama SQLite, ambayo imejengwa kustahimili kukatika kwa umeme. Nilifundishwa haya darasani. Nikapata alama nzuri tu kwenye mtihani.

Nakala yangu ya akiba kwenye flashi ilikuwa ya wiki 5 nyuma. Daftari la shangazi liliishia wiki 6 nyuma, kwa sababu mimi nilimwambia aliweke kabatini.

Jumatatu jioni wenye funguo watatu walikuja, sanduku likafunguliwa. Kwa zile wiki 5 zilizopotea, pamoja na ya siku ile, kama kila mtu alilipa, inapaswa kuwa 23,000. Tulihesabu mara tatu: 22,600. Maana yake malipo mawili ya 200 hayakuingia. Lakini ya nani? Faili lingetuambia mara moja. Tukaanza kuuliza. Waliotuma kwa M-Pesa walionyesha ujumbe kwenye simu, hao wakaisha haraka. Waliotoa taslimu kila mmoja alisema amelipa zote, na mimi siwezi kumwambia mtu mzima wa umri wa mama yangu kwamba anadanganya. Huenda hakuna aliyedanganya, ni kusahau tu. Lakini nyuso zilibadilika. Mmoja aliondoka bila kuaga.

Baadaye usiku shangazi alitoa 400 zake akazitia sandukuni, akasema zilikuwa zimeangukia mkobani mwake. Mimi nilijua si kweli. Nilipomrudishia alikataa. Ndiyo maana nikaapa kwamba nitajua kwa nini mashine iliyoniambia saa 2 na dakika 14 ilikata pumzi kabla ya saa kuisha.

Ushauri niliopewa

Nilipowasimulia marafiki, kila mtu alikuwa na dawa. Mmoja alisema niitie betri kwenye friza usiku mmoja. Msifanye hivyo jamani: ukiitoa, unyevu wa hewa ya pwani unaganda juu ya vyuma vyake, na hakuna kinachopona. Mwingine alisema kila siku niiache iishe kabisa ndiyo nichaji. Huo ni ushauri wa betri za zamani za nikeli na kadmiamu, ambazo zilikuwa na tabia ya kuzoea kuchajiwa nusu. Betri za laptopu za leo ni za lithiamu, zile ambazo Sony walianza kuziuza mwaka 1991, na ambazo kazi ya kuzibuni iliwapa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Hizi kuishiwa kabisa kila siku kunazichosha.

Fundi mmoja mjini aliishika, akaipima kwa mkono kama anayenunua nazi, akasema, "Imekufa hii, leta nyingine." Mtaona mbele kwamba hakukosea sana. Lakini hakunijibu swali langu. Sikuuliza kama betri imezeeka. Niliuliza kwa nini inasema uongo.

Asilimia inatoka wapi?

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria, na mimi ndiye niliyesomea kompyuta.

Tangi la maji ukitaka kujua limebaki kiasi gani unachungulia ndani. Betri haichunguliki. Hakuna chombo kinachoweza kutazama ndani ya seli na kuhesabu chaji iliyobaki. Kwa hiyo ile asilimia unayoiona ni makadirio. Inakadiriwa na chipu ndogo iliyo ndani ya betri yenyewe, na chipu hiyo ina njia mbili kubwa.

Ya kwanza ni kuangalia volti. Seli moja ya lithiamu ya kawaida ikijaa ina volti 4.2, na ikiisha ni karibu volti 3. Ingekuwa rahisi kama zingeshuka sawasawa, lakini hazishuki hivyo. Sehemu kubwa ya katikati zinashuka polepole mno, karibu tambarare, halafu mwishoni zinaporomoka kama mtu aliyefika ukingo wa bahari. Isitoshe volti zinashuka kila unapoivuta betri kwa nguvu, na zinapanda ukiiacha ipumzike. Kwa hiyo katikati ya safari volti pekee haikuambii mengi.

Ya pili ni kuhesabu. Umeme wote unaoingia na kutoka unapitishwa kwenye kipande kidogo chenye ukinzani mdogo sana, chipu inapima na kujumlisha: umeingia huu, umetoka huu. Kipimo cha chaji kinaitwa kulombu, kwa jina la Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb aliyeishi kati ya 1736 na 1806, ndiyo maana njia hii huitwa kuhesabu kulombu. Ni hesabu ya mweka hazina hasa. Pesa zilizoingia, pesa zilizotoka, salio.

Lakini hesabu hii ina udhaifu. Ili usema "imebaki asilimia 60" lazima ujue 60 ya ngapi. Lazima ujue betri iliyojaa inabeba kiasi gani leo, si siku ilipotoka kiwandani. Betri inazeeka kila mwezi, na inazeeka haraka zaidi kwenye joto na inapokaa imejaa pomoni. Sasa fikirieni laptopu iliyokaa kwenye chaja mwaka mzima, chini ya paa la mabati, Mombasa.

Chipu nyingi hujua uwezo mpya wa betri hasa kwa kushuhudia safari nzima, kutoka kujaa hadi kuisha. Ikiona imetoka juu ikafika chini, inasema, "Kumbe siku hizi unabeba hivi tu." Laptopu isiyochomoka kwenye chaja haiipi chipu nafasi hiyo. Inaendelea kukokotoa kwa namba ya zamani, kwa uaminifu kabisa.

Kuchunguza

Ninatumia Linux, na huko habari za betri ziko wazi kwenye mafaili unayoweza kuyasoma kama barua:

cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_full_design
cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_full
cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_now
cat /sys/class/power_supply/BAT0/voltage_now

La kwanza ni uwezo wa kiwandani. La pili ni uwezo ambao chipu inaamini betri inao leo. La tatu ni kilichobaki sasa hivi. La nne ni volti. Namba zimeandikwa kwa sehemu ya milioni, kwa hiyo 41000000 ni wati-saa 41. Kwenye mashine nyingine utakuta BAT1 badala ya BAT0, au charge badala ya energy, maana yake inahesabu kwa ampea-saa. Kama unatumia Windows, fungua dirisha la amri uandike:

powercfg /batteryreport

Itakutengenezea ripoti nzima, na ndani yake utaona uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa.

Yangu ilisema: kiwandani wati-saa 50, sasa wati-saa 41. Nikafikiri, si mbaya, nimepoteza 9 tu. Basi nikaandika skripti fupi ya kurekodi energy_now na voltage_now kila dakika moja, na safari hii kila mstari ukahifadhiwa diskini papo hapo (nimejifunza). Nikachaji hadi 100, nikachomoa, nikapunguza mwanga, nikafungua maandishi tu nikaanza kusoma nikiingoja ife.

Ikafa kwenye asilimia 34.

Nilipowasha na kusoma kumbukumbu nikacheka peke yangu. Mstari wa mwisho ulionyesha volti 9.0. Betri yangu ina seli 3 kwa mfululizo, kwa hiyo ni volti 3.0 kwa kila seli. Hiyo ni betri iliyoisha. Betri nzima yenye theluthi moja ya chaji ingekuwa karibu na volti 11. Volti zilisema "nimekwisha", asilimia ikasema "34", na zote mbili zilitoka kwenye betri hiyo hiyo.

Sasa angalieni hesabu. Asilimia 34 ya 41 ni kama 14. Kwa hiyo kilichotoka ni 41 kutoa 14, yaani wati-saa 27. Chipu ilihesabu kilichotoka vizuri. Iliyokosea ni jumla. Iliamini tangi linabeba 41 na kumbe linabeba 27, zaidi kidogo ya nusu ya uwezo wa kiwandani.

Na ile saa 2 na dakika 14? Hiyo ni hesabu ya darasa la sita. Asilimia 60 ya 41 ni 24.6. Laptopu ilikuwa inakula wati 11 wakati ule. 24.6 gawanya kwa 11 ni saa 2 na dakika 14. Lakini sehemu kubwa ya hizo 24.6 hazikuwepo. Zilizokuwepo ni kama 9 hivi, yaani chini ya saa moja.

Limebaki swali moja: kwa nini nyumbani ilifika 34 na chini ya mwembe ilikufa kwenye 38? Ni uzee pia. Seli iliyozeeka inapata ukinzani mkubwa ndani yake, na ukiivuta kwa nguvu volti zake zinazama ghafla. Mwanga hadi mwisho, simu inachajiwa, halafu mimi nikabonyeza kitufe kilichoamsha prosesa na feni. Volti zikazama chini ya mpaka, mashine ikakata. Yaani kubonyeza "hifadhi" ndiko kulikoizima.

Na mbona hakukuwa na onyo? Kwa sababu mfumo endeshi ulipangwa kuonya kwenye asilimia 10 na kujizima taratibu kwenye 5. Hizo hazikufika. Ulinzi wote ulitegemea ile namba, na namba ndiyo iliyokuwa mbovu.

Kuifundisha upya

Kama yako ina dalili hizi (inazimika ghafla kwenye 20 au 30, au inashuka kutoka 40 hadi 7 kwa mkupuo), fanya hivi:

1. Hifadhi kazi zako zote na uweke nakala mahali pengine. Usianze kabla ya hili.
2. Chaji hadi 100, kisha iache kwenye chaja saa 2 zaidi ipoe.
3. Zima kwa muda ule mpango wa kujizima ikifika asilimia 5. Chomoa chaja.
4. Itumie kwa kazi nyepesi tu hadi ijizime yenyewe. Kazi nzito itaizima mapema na kipimo hakitakuwa sahihi.
5. Iache imezimwa saa chache. Volti zinahitaji kutulia.
6. Chaji hadi 100 bila kukatiza, ikiwezekana ikiwa imezimwa. Wakazi wa huku chagueni siku ambayo stima haina visirani.
7. Soma energy_full tena. Rudisha ule mpango wa kujizima.

Mashine nyingine zina zana ya kazi hii kwenye mipangilio ya kuwashia, itafute kwanza. Na usishangae kama raundi moja haitoshi, kwa sababu chipu nyingi hazikubali kushusha makadirio kwa mkupuo mmoja. Yangu ilitoka 41 ikawa 33. Nikarudia, ikawa 28. Hapo ikaacha kushuka, na sasa ikifika asilimia 5 kweli ni 5.

Lakini msije mkadhani nimeiponya betri. Haikuongezeka hata dakika moja. Inakaa kwa kazi nyepesi saa mbili na nusu, vile vile ilivyokuwa inakaa. Tofauti ni kwamba sasa inasema hivyo. Wala usifanye zoezi hili kila wiki, maana kila kuishiwa kabisa kunaizeesha zaidi. Mara moja kila miezi kadhaa inatosha, na siku za kawaida ichomoe mara kwa mara, usiiache kwenye 100 mchana kutwa. Kama laptopu yako ina mpangilio wa kuacha kuchaji ikifika 80, uwashe.

Na ukiona betri imevimba, kioo kinanyanyuka au padi ya kipanya imekuwa ngumu kubonyeza, sahau yote niliyoandika. Zima, itoe, usiitoboe, usiichaji tena.

Ya zamani inaenda wapi?

Mwezi uliofuata nilipata malipo ya kazi moja nikanunua betri mpya. Nikabaki na ile ya zamani mkononi, na hapo ndipo nilipokwama kabisa.

Ningeweza kuitupa kwenye pipa mjini. Lakini mimi naishi Mwakirunge. Tangu jaa la Kibarani lilipofungwa mwaka 2018, taka za mji zinaletwa huku. Nikiitupa mjini itapanda lori, itapita barabara ile ile ninayopita mimi na matatu, na itafika nyumbani kabla au baada yangu. Huko kuna watu wanaookota vyuma, plastiki na nyaya kwa mikono mitupu, na nyaya huchomwa moto ili shaba ibaki. Betri ya lithiamu ikipondwa au ikitiwa moto inaweza kulipuka na kutoa moshi wa sumu. Wengine wanaookota ni vijana niliosoma nao msingi. Nitupe, halafu nikutane nao stendi niwasalimie?

Nairobi kuna WEEE Centre ambako taka za elektroniki hupokelewa na kushughulikiwa ipasavyo. Betri yangu nimeifunga kwa gundi ya karatasi kwenye vichwa vyake ili isipige shoti, iko ndani ya kopo la bati lenye mchanga, nje ya nyumba, ikingoja safari yangu ijayo ya Nairobi. Nimeshawaambia majirani walete zao pia. Mpaka sasa kopo lina betri 6, moja ya simu imevimba kama andazi.

Na chama?

Programu niliirekebisha usiku wa pili. Sasa inaandika kwenye faili la muda na kubadilisha jina, inatuma nakala kila inapohifadhi, na kila Jumapili inamtumia kila mama ujumbe wa simu wa kiasi alicholipa. Nilirudi chini ya mwembe nikawaeleza yote: betri, faili tupu, nakala ya wiki 5. Sikuilaumu betri peke yake. Yule mama aliyeondoka bila kuaga alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Kwa hiyo wewe ulikuwa unaiamini tu, hukuwahi kuipima?" Nikasema ndiyo. Akatingisha kichwa, akatoa 200 zake.

Shangazi hakusema kitu. Alifungua mkoba, akatoa daftari, akalamba kidole, akafungua ukurasa mpya na kuandika tarehe. Sasa tunaandika kwote kuwili, na kabla ya kufunga sanduku namba zangu na zake lazima zilingane na pesa zilizomo. Wiki tatu zilizopita hazikulingana kwa shilingi 200.

Tulitafuta pamoja. Nilikuwa nimeingiza jina moja mara mbili.

Haya, wacha niishie hapa, stima imerudi. Nendeni mkapime betri zenu, na mkishamaliza, mkapime nakala zenu za akiba.